Maktaba ya Shighatini iwe ya nani?

NI sadaka gani inayomfikia mtu ambaye mtoaji hamjui, hatamjua, na pengine asingependa kumjua? Anayesikia swali hili anaweza kudhani ni la kuchezea maneno. Lakini kwa sisi wazaliwa wa Shighatini tunaoishi Dar es Salaam, limekuwa swali la fedha, na hivi karibuni limeanza kuwa swali la kununiana.

Jambo lenyewe ni hili. Ipo hoja ya kujenga chumba cha maktaba kule nyumbani, Upare ya Kaskazini, katika wilaya ya Mwanga. Mpaka sasa sijamsikia hata mmoja anayepinga vitabu. Tunapogawanyika ni pale inapoulizwa maktaba hiyo iwe ya nani. Wapo wanaosema kuwa wanaochanga ni sisi Waislamu, basi ikae kwenye uwanja wa msikiti, iwe na vitabu vya dini na vya shule, na isomwe na watoto wetu. Wapo wanaosema iwe ya kila mtu, na mlango wake usiulize jina la anayeingia. Nimezisikiliza pande zote mbili. Na kwa kuwa suala hili si la Shighatini peke yake, bali lipo kila mahali ambapo watu wa mjini wanachangia kwao, naomba ndugu msomaji tulitafakari pamoja.

Kwa asiyefahamu, Shighatini iko Ugweno, juu mlimani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifungua kituo chao hapo mwaka 1900. Uislamu nao ulipanda milima hii kupitia watu waliokuwa wakifanya biashara na pwani, na jirani zetu wa Usangi wanajulikana kwa wingi wa Waislamu wao. Matokeo yake ni kuwa ukoo mmoja una pande mbili. Kaka ni Mlutheri, mdogo wake ni Mwislamu, na shangazi yao ameolewa upande wa pili. Sikukuu ya huyu wanakula wote, na msiba wa yule wanachimba kaburi wote. Kwa hiyo tunapouliza maktaba iwe ya nani, hatuzungumzii watu wa mbali. Tunazungumzia watu wanaozikana.

Hebu sasa tuitazame hoja ya upande wa kwanza kwa haki, maana si hoja ya wajinga. Wazee wetu waliiona elimu ikija na masharti. Shule ilikuwa ya misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu nchini walisita kuwapeleka watoto huko kwa kuchelea kwamba mtoto angeondoka nyumbani na jina moja akarudi na jingine. Hali hiyo ilikuja kubadilika pale serikali ilipozichukua shule hizo baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akikwambia, "Safari hii tujenge cha kwetu," usimcheke. Anazungumza kutoka kwenye jeraha.

Lakini jeraha hilo linatufundisha nini? Linatufundisha kuwa ni vibaya kufungiwa mlango sisi, au linatufundisha kuwa ni vibaya kumfungia mtu mlango wa elimu? Haya ni mafundisho mawili tofauti. La kwanza linaishia kwenye kutafuta mlango wetu wa kuwafungia wengine. La pili linaishia kwenye kuacha mlango wazi. Kilichowaumiza wazee wetu hakikuwa kukosa kuwa wenye mlango. Walichokiona ni dhulma, na dhulma haibadiliki kuwa uadilifu kwa sababu aliyeshika ufunguo sasa ni ndugu yetu.

Jirani zetu wa Kenya wanalijua vizuri jambo hili. Jijini Nairobi ilifunguliwa maktaba ya McMillan mwaka 1931, jengo zuri la mawe na nguzo kubwa. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Vitabu vilikuwepo, meza zilikuwepo, na wenye kiu ya kusoma walikuwa wakipita nje barabarani. Je, ile ilikuwa maktaba ya Nairobi? Ilikuwa maktaba iliyopo Nairobi. Kuna tofauti kubwa kati ya hayo mawili, na ndiyo tofauti tunayogombania sisi leo.

Wanaotaka maktaba iwe ya Waislamu peke yao huwa wanatukumbusha historia. Wanasema Waislamu tulikuwa na maktaba kubwa duniani, na turudi kwenye utukufu huo. Naam, nakubaliana nao. Lakini tukirudi, turudi na historia yote, si kipande.

Mwaka 1005 Cairo ilifunguliwa nyumba ya elimu iliyojulikana kama Dar al-Ilm. Wanahistoria wanaeleza kuwa watu wa kawaida waliingia humo, wakasoma na kunakili, na wakapewa wino, kalamu na karatasi bila malipo. Baghdad ya karne ya 9 ilikuwa na mfasiri mkubwa wa vitabu vya tiba, Hunayn ibn Ishaq. Yeye ndiye aliyewafikishia waganga wa Kiislamu maandishi ya Galen wa Wayunani. Hunayn alikuwa Mkristo. Makhalifa hawakumwambia abadili dini kwanza ndipo vitabu vyake vikae kwenye kabati zao. Kama wangesema hivyo, tiba tunayojivunia leo kuwa ilikuwa ya Waislamu ingechelewa sana kuzaliwa.

Yupo pia Yaqut al-Hamawi, yule mtunzi wa kamusi kubwa ya miji na nchi. Mwanzoni mwa karne ya 13 alikaa katika mji wa Marw, ambao leo uko Turkmenistan. Anaeleza kuwa mji ule ulikuwa na maktaba kumi za wakfu, na kwamba nyumbani kwake hakukukosekana vitabu 200 vya kuazima, vingi vikiwa havikuwekewa dhamana yoyote. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Huyu alikuwa mgeni, si mzaliwa wa mji ule. Alipata kuwa mtumwa utotoni. Walioweka wakfu vitabu vile walikuwa hawamjui. Muda mfupi baadaye Wamongolia wakauangamiza mji, vitabu vikateketea, lakini yale aliyoyasoma Yaqut yakabaki katika kamusi yake na tunanufaika nayo mpaka leo. Mgeni ndiye aliyeiokoa mali ya wenyeji. Kama mlinzi wa maktaba angemuuliza, "Wewe ni wa hapa?", leo tungekuwa na nini?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mombasa ilipata chumba cha kusomea cha bure mwanzoni mwa karne ya 20, kikiwa na jina la Seif bin Salim, mtu wa familia ya Kiarabu ya pwani hiyo. Watu wa pwani wamejua tangu zamani kuwa mali inaweza kugeuzwa kuwa meza na kitabu.

Tuache historia ya mbali, twende kwenye jambo ambalo kila Mpare analijua. Babu zetu walijenga ndiva. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, ndiva ni bwawa dogo linalokinga maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji mpaka mashambani, kila mwenye shamba kwa zamu yake. Matope yakijaa, unaitishwa msaragambo. Watu wanatoka na majembe, wanazoa tope, wanaziba panapovuja. Asiyetokea bila sababu anawajibishwa.

Kijito kikiachwa kipite chenyewe kwa usiku mzima, maji yake ni machache mno kumfaa mtu mmoja. Yakikusanywa mahali pamoja, yanawafaa wengi. Na vitabu ni hivyo hivyo. Mimi nina vitabu vyangu hapa Dar es Salaam, wewe unavyo vyako, mwalimu mstaafu anavyo vyake kwenye sanduku chini ya kitanda. Kila mmoja amesoma vya kwake mara moja, na sasa vinaliwa na mchwa. Maktaba ni ndiva. Inakusanya ambacho mmoja hawezi kukitumia chote, na inakitoa kwa zamu.

Sasa niulize: mdomo wa ndiva uliwekwa ndani ya ua wa nani? Haukuwekwa ndani ya ua wa mtu. Na aliyefika kwenye zamu yake aliulizwa kama ametoka kwenye msaragambo. Hakuulizwa anaswali wapi. Huo ndio uadilifu wa babu zetu, na sioni ni wapi unapopingana na dini yetu.

Wapo watakaosema: haya yote ni maneno ya zamani, leo kuna simu. Mtoto wa Shighatini akitaka kujua jambo atalitafuta kwenye intaneti. Hoja hii ina ukweli wake. Simu imefika mlimani, na mambo mengi yanapatikana humo. Lakini simu ni ya nani ndani ya nyumba? Mara nyingi ni ya baba au ya mama, na bando linanunuliwa kwa fedha. Mtoto wa kidato cha pili anapewa simu dakika 10, tena kwa kuombaomba. Anapata jibu la swali moja. Hapati saa mbili za kukaa kimya na kitabu kimoja mpaka akakielewa. Zaidi ya hapo, mtoto huyo anahitaji meza. Anahitaji taa. Anahitaji mahali ambapo hataitwa kuchota maji kila anapofungua ukurasa, hasa akiwa ni msichana. Maktaba inampa vitabu, na inampa ruhusa ya kusoma. Mzazi akiuliza yuko wapi, jibu lipo na ni la heshima: yuko maktaba.

Na maktaba ya mkoa je? Ipo Moshi. Ashuke mlima mpaka Mwanga, kisha apande basi. Nauli ya kwenda na kurudi ni fedha za daftari za muhula mzima. Kenya, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia: masanduku ya vitabu mgongoni, na hema la kusomea. Walielewa kuwa msomaji asiyeweza kuifuata maktaba, maktaba imfuate. Sisi hatuhitaji ngamia. Tunahitaji chumba.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Taifa letu lilifanya kazi kubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kufikia 1986 ilielezwa kuwa wasiojua kusoma na kuandika wamebaki chini ya asilimia 10. Vilianzishwa vyumba vya vitabu vijijini, na magazeti ya vijijini yakachapishwa. Lakini sensa ya 2002 ilipokuja, zaidi ya robo ya watu wazima walikutwa hawajui kusoma. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo inaeleweka bila kuwa mtaalamu. Kusoma ni kama panga. Ukilipata ukaliweka juu ya dari, baada ya miaka utakuta kutu. Mtu alifundishwa herufi, akapewa cheti, kisha hakukuwa na kitu cha kusoma. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea halafu ukaukausha mto.

Tukumbuke pia kuwa maktaba si kabati la vitabu tu. Jumamosi asubuhi watoto wadogo wanaweza kusomewa hadithi, kwa Kiswahili na kwa Kigweno pia kabla hakijapotea. Bwana shamba anaweza kukaa hapo na wakulima wa kahawa, kitabu kikiwa wazi mezani. Matangazo ya halmashauri yanaweza kubandikwa mahali ambapo kila mtu anayaona. Gazeti la wiki iliyopita linaweza kusomwa na watu 30 badala ya mmoja. Wazee wanaweza kuitwa waeleze jinsi zamu za ndiva zilivyopangwa, na vijana wakaandika. Mtu anayekufa na elimu yake kichwani ni maktaba inayoungua, nasi tunazika kila wiki.

Hili la mwisho linanigusa sana. Mwaka 1969 Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, alichapisha kitabu cha historia ya siasa ya Wapare. Mwaka 1971 akachapisha kingine kuhusu Mbiru, ule upinzani wa Wapare dhidi ya kodi ya kikoloni katika miaka ya 1940, pale maelfu walipoteremka na kukusanyika Same. Watu wale hawakushika silaha. Walikaa chini na kukataa. Vitabu hivyo utavikuta kwenye maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Mwanafunzi wa huko akitaka kujua ujasiri wa babu zetu, anajaza fomu na analetewa. Kijana wa Upare mwenyewe atavisomea wapi? Na katika Mbiru ile, ndugu msomaji, waliokaa chini pamoja walikuwa Waislamu na Wakristo. Kodi haikuwabagua, nao hawakubaguana. Leo tuijenge maktaba itakayohifadhi habari zao kwa kuwabagua wajukuu wao?

Imebaki hofu mbili ambazo haifai kuzipita kimya. Ya kwanza ni ya vitabu vibaya. Ndugu mmoja aliniuliza: "Ukifungua mlango kwa wote, si utafungua pia kwa kila kitabu?" La hasha. Kuchagua si kufunga. Kamati yenye akili itachagua vitabu vinavyomfaa mtoto kwa umri wake, na itakataa vya upuuzi na vya matusi, kama mzazi anavyochagua chakula. Rafu ya dini iwepo, na kila dini iwe na nafasi yake humo. Kijana wetu akiuona mgongo wa Biblia ubavuni mwa kitabu cha tafsiri ya Qur'an, hatapoteza imani. Kama imani yake inaondoka kwa kuona mgongo wa kitabu, basi tatizo halipo kwenye rafu, lipo kwenye madrasa zetu, na tukalitibu huko.

Hofu ya pili ni ya wizi. Vitabu vitaazimwa visirudi. Ni kweli, baadhi havitarudi. Liwepo daftari, liwepo jina, na mzazi au mjumbe amdhamini mwazimaji. Mtoto afundishwe kuwa kitabu cha kuazima ni amana, na mwenye kuharibu amana ana hesabu ya kujibu. Hilo lenyewe ni somo la maadili ambalo halifundishwi kwa mdomo. Lakini tusije tukavifungia vitabu kwa kufuli kwa kuogopa visipotee. Kitabu kisichosomwa kimeshapotea, ila tu tunajua kilipo.

Nisieleweke vibaya. Msikiti una haki ya kuwa na vitabu vyake, na madrasa nyingi zina aibu ya kukosa hata misahafu ya kutosha. Anayetaka kuchangia hilo, achangie, na mimi nitakuwa naye. Lakini tuite kila kitu kwa jina lake. Hiyo ni maktaba ya msikiti, na ni jambo jema. Tunayoizungumzia hapa ni maktaba ya Shighatini. Tusichukue jina la wote tukalitia ndani ya ua wa wachache.

Rai yangu ni hii. Chumba kijengwe kwenye ardhi ya kijiji, si msikitini wala kanisani. Kamati iwe ya pande zote mbili, wanaume na wanawake. Kisipewe jina la mchangiaji yeyote, hata awe ametoa mabati yote. Na kabla ya tofali la kwanza tukubaliane nani atalipwa kufungua mlango kila siku, maana jengo hujengwa mara moja, lakini mlango hufunguliwa kila asubuhi. Nchi ina Bodi ya Huduma za Maktaba tangu mwaka 1963, na kipo chuo cha ukutubi Bagamoyo. Ushauri upo kwa anayeutafuta. Kijana mmoja wa kwetu akapelekwe kusoma kazi hiyo, na hilo liwe fungu la kwanza la mchango, kabla ya saruji.

Tumefundishwa kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na mawili kati ya hayo ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Sijapata kuona katika mafundisho hayo sharti linalosema anayenufaika awe ni mtoto wa fulani.

Kwa hiyo kikao chetu kijacho nitakuwa na ombi moja tu. Anayetaka maktaba iwe ya Waislamu peke yao asiseme "wao" na "sisi". Ataje jina. Aseme ni mtoto yupi, wa nyumba ipi, wa shangazi yetu yupi, atakayefika mlangoni jioni na daftari lake mkononi, na sisi tumrudishe. Akishamtaja, na kikao kikakubali, basi nami nitanyamaza.

Wallahu a'lam.